Somo: Kutoka kaskazi ya Malindi hadi theluji ya Helsinki, safari ya mashindano ya tenisi ya chipukizi

Januari Malindi ni kaskazi. Mchana joto lipo digrii 31, saruji ya uwanja inachoma hata juu ya viatu, na mpira unaruka mpaka begani. Januari hiyohiyo Helsinki, Finland, huwa chini ya sifuri, jua linachomoza baada ya saa tatu asubuhi na kuzama kabla ya saa kumi alasiri.

Wazazi wengi wakisikia hivyo huogopa baridi ya uwanjani. Hofu hiyo imekaa pasipo pake. Mashindano ya majira hayo huchezwa ukumbini, na ukumbi hupashwa moto. Mtoto atatoa jasho kama kawaida. Safari huharibiwa na vitu viwili: kalenda ya karatasi za safari (pasipoti, viza), na mlango. Yaani ile hatua moja ya kutoka ukumbini umeloa jasho na kukanyaga barafu. Kwa hiyo usishangae somo likikaa sana kwenye hayo na kupita mbio kwingine.

Mfano wetu ni mchezaji wa miaka 14 au 15, mashindano ya chipukizi ya ITF (shirikisho la kimataifa la tenisi) ya ngazi ya chini (J30), Helsinki, wiki ya tatu ya Januari. Ukienda Tallinn au Stockholm, mengi ni yaleyale. Hata Tarbes kule Ufaransa, ambako watoto wa chini ya miaka 14 hucheza Les Petits As ukumbini kila majira ya baridi tangu 1983, karatasi ni zilezile za Schengen, yaani kundi la nchi za Ulaya zenye viza moja.

HATUA YA 1: HESABU KINYUMENYUME

Droo kuu huanza Jumatatu, mchujo huanza Jumamosi au Jumapili. Kujiandikisha kwa mchujo hufungwa jioni ya siku iliyotangulia, mara nyingi kati ya saa kumi na saa kumi na mbili. Aliyechelewa hachezi, hata kama ndege ndiyo iliyochelewa. Basi siku ya kufika ni Alhamisi. Ijumaa ni ya kuzoea ukumbi. Kutoka Alhamisi hiyo rudi nyuma.

Miezi sita kabla: pasipoti. Schengen wanataka iwe imetolewa ndani ya miaka 10 iliyopita, ibaki hai angalau miezi 3 baada ya siku ya kuondoka kwao, na iwe na kurasa 2 tupu. Maombi ni kwa eCitizen, kisha mtoto anakwenda mwenyewe Mombasa kuchukuliwa alama za vidole. Hapa tatizo la Pwani ni majina. Cheti cha kuzaliwa kinasema Saidi, shule imeandika Said, na babu kaingizwa au kaachwa. Jina la pasipoti lifanane herufi kwa herufi na cheti, kisha hilohilo ndilo litumike kwenye IPIN (namba ya mchezaji wa ITF), tiketi, bima na barua zote. Herufi moja ikitofautiana, ofisa wa viza ataomba kiapo cha wakili, na hapo wiki nzima imeondoka.

Miezi minne kabla: IPIN yenyewe. Mashindano haya ni ya umri wa miaka 13 hadi 18. Wakati huohuo waandikie Tennis Kenya kuomba barua ya kumtambua mchezaji, na shule kuomba ruhusa, kwa sababu muhula wa kwanza huwa umefunguliwa Januari.

Mwanzoni mwa Novemba: viza. Hapa ndipo safari nyingi hufia. Orodha ya waliokubaliwa hutoka wiki tatu hivi kabla ya mashindano, yaani kipindi cha Krismasi na Mwaka Mpya. Ukisubiri jina lako litoke ndipo uombe viza, umechelewa: maombi yanatakiwa yafike si chini ya siku 15 kabla ya safari, uamuzi kwa kawaida huchukua siku 15 na unaweza kurefushwa hadi 45, na katikati hapo ofisi hufungwa kwa sikukuu. Kwa hiyo viza huombwa kabla ya kukubaliwa. Kinachoziba pengo hilo ni barua mbili: mwaliko wa waandaaji unaotaja jina, namba ya pasipoti na tarehe, na barua ya shirikisho. Maombi hupokelewa kuanzia miezi 6 kabla, hivyo Novemba si mapema.

Saa nazo ni mtego. Karatasi ya taarifa ya mashindano ikisema mwisho wa kuingia ni 14:00 GMT, kwa Malindi ni saa kumi na moja jioni. Usingoje jioni hiyo. Umeme una tabia zake. Na mwisho wa kujiondoa uandike kwenye kalenda hiyohiyo. Viza ikikataliwa ukanyamaza, mtoto anahesabiwa kuwa ametoroka mashindano.

HATUA YA 2: FAILI LA VIZA

Kuanzia miaka 12 mtoto hutoa alama za vidole na hulipa ada ya mtu mzima, euro 90 (kiwango cha tangu Juni 2024), pamoja na ada ya kituo. Ni lazima afike mwenyewe kwenye kituo cha maombi Nairobi. Alama zikishachukuliwa hutumika tena kwa maombi ya baadaye kwa muda wa miezi 59, kwa hiyo safari ya pili ni nyepesi.

Ndani ya faili: fomu iliyotiwa sahihi na wazazi wote wawili, cheti cha kuzaliwa, nakala za vitambulisho vya wazazi, idhini ya kusafiri iliyoapiwa mbele ya wakili, picha ya milimita 35 kwa 45, taarifa za benki za anayelipia, ruhusa ya shule, barua mbili tulizotaja, nafasi ya hoteli, na bima.

Bima isomwe, isinunuliwe tu. Kima cha chini ni euro 30,000, ifunike matibabu ya dharura na kurudishwa nyumbani, na tarehe zizidi safari kwa siku mbili tatu. Kisha tafuta mstari wa michezo. Bima nyingi za bei nafuu huondoa majeraha ya mashindano. Ubalozi utaikubali, hospitali ya mfupa haitaikubali.

HATUA YA 3: NJIA

Hakuna ndege ya moja kwa moja Nairobi hadi Helsinki. Utapitia Amsterdam, Paris, Frankfurt, Istanbul au Doha. Epuka London, kwa sababu Mkenya huhitaji viza ya kupita hata akiwa na Schengen mkononi. Ukipitia Amsterdam, Paris au Frankfurt, pasipoti inakaguliwa hapohapo, si Helsinki. Foleni ya asubuhi ni ndefu, hivyo saa mbili baina ya ndege ni kucheza kamari. Acha tatu na zaidi. Majira ya baridi ndege hunyunyiziwa dawa ya kuyeyusha barafu kabla ya kuruka, na foleni ya dawa hiyo pekee inaweza kula nusu saa.

Upande wa nyumbani: Nairobi ina viwanja viwili, na kuna ndege za Malindi zinazotua Wilson na zinazotua JKIA, kile cha ndege za kimataifa. Tofauti ni kubwa. Ukitua Wilson una safari ya gari kuvuka mji, na ndege ndogo za huko mara nyingi huruhusu kilo 15 tu, begi laini. Begi la raketi 6 lenye fremu ngumu huenda likaachwa. Tiketi ya Malindi na ile ya kimataifa zikiwa mbalimbali, mizigo haipelekwi moja kwa moja hadi mwisho. Unaitoa na kuikabidhi upya. Fika Nairobi asubuhi ikiwa ndege kubwa ni ya usiku. Kwa gari, Malindi hadi Mombasa ni kilomita 120 hivi, na treni ya Miritini ipo, lakini safari ya namna hiyo humchosha mtoto kabla hata hajaanza safari yenyewe.

Begi la mkononi lina kazi moja: mtoto aweze kucheza hata begi kubwa likipotea. Viatu vya mechi, seti mbili za nguo za kuchezea, nyuzi, dawa, karatasi, na koti. Koti lisiwekwe chini. Baadhi ya ndege huegeshwa mbali na jengo, na ngazi ya kushuka iko kwenye upepo wa digrii kumi chini ya sifuri. Kuhusu raketi mkononi, uliza shirika la ndege kwa maandishi, maana wakaguzi wengine huzikataa. Zikikataliwa, zifungie taulo kwenye vichwa na uziweke katikati ya nguo.

HATUA YA 4: NGUO

Usinunue koti Ulaya. Makoti mazito ya theluji yamejaa kwenye masoko ya mitumba, Kongowea (Mombasa) au Gikomba (Nairobi), na bei yake ni ya kutupa kwa sababu Pwani nani atalivaa? Kagua zipu, kofia, na ndani kusiwe na mabonge ya pamba yaliyoshikana. Wale Waitaliano wa Malindi wanaokaa nusu mwaka huku nusu kwao ukiwauliza watakuambia hilohilo: zipu mbovu ni koti bovu.

Tabaka ni tatu. La ngozini liwe la sintetiki au sufi laini, si pamba. Pamba hunywa jasho na kulishika, na maji huondoa joto mwilini haraka kuliko hewa, mara 25 hivi. La pili ni sweta la manyoya ya sintetiki. La tatu ni koti la kuzuia upepo. Ongeza kofia ya kufunika masikio, glavu, soksi za sufi jozi 3, na buti zenye sole ya makucha, namba moja juu ya kawaida ili soksi nene iingie bila kubana. Buti inayobana hukata damu, na vidole hufa ganzi hata ukivaa soksi tatu.

Mafuta ya nazi ya chupa yaacheni nyumbani. Chini ya digrii 24 hivi huganda, na mtoto atabaki anaichungulia chupa. Yatie kwenye kopo la mdomo mpana, au chukua vaselini. Midomo na pua hupasuka kwa hewa kavu ya hita ndani ya siku mbili.

HATUA YA 5: MPIRA, NYUZI, VIATU

Hapa kocha asome polepole.

Mpira wa kawaida hupimwa kwa digrii 20: ukidondoshwa kutoka sentimita 254 juu ya sakafu ngumu, uruke kati ya sentimita 135 na 147. Malindi mchana uko juu sana ya digrii hizo, kwa hiyo mtoto amezoea mpira uliochangamka. Ukumbi wa kudumu huwa na digrii 15 hadi 18. Ule wa puto linaloshikiliwa na hewa unaweza kushuka zaidi. Kutoka digrii 32 hadi 14, shinikizo la hewa ndani ya mpira hupungua kwa asilimia 6 hivi, na raba yenyewe hukakamaa. Matokeo: mpira unakuja chini ya kiuno, unateleza, na ule mpira wa mzunguko wa juu uliokuwa ukimshinda mpinzani nyumbani unamfikia pale anapoupenda.

Mazoezi ya wiki tatu za mwisho yafuate hilo. Tumia mipira iliyochoka. Haifanani sawasawa, lakini inamlazimisha mtoto kukunja magoti. Mara mbili kwa wiki, weka mipira 6 kwenye debe lenye kifuniko, debe ndani ya kasha la barafu kama la wauza samaki, kwa muda wa saa mbili. Cheza na mipira 2 kwa gemu mbili, kisha badilisha, maana ikipigwa inapata moto haraka. Debe lifungwe vizuri. Mpira ulioloa ni mzito na haukufundishi kitu.

Wengine hudhani kambi ya Nairobi ni maandalizi ya baridi. Si kweli. Nairobi kuna ubaridi lakini mji uko juu, na hewa yake nyepesi huufanya mpira upae. Juu ya mita 1,219 ITF ina hata mpira maalumu wa nyanda za juu. Helsinki iko usawa wa bahari kama Malindi. Kwa mpira, Malindi jioni iko karibu zaidi na Helsinki kuliko Nairobi asubuhi.

Kuna faida moja tusiisahau. Mtoto wa Pwani amekulia kwenye kusi na kaskazi, amezoea kurusha mpira wa kuanzishia chini ili upepo usiuibe. Ukumbini hakuna upepo wala jua. Mfundishe kurusha juu kidogo na kuufikia mkono ukiwa umenyooka. Ni pointi za bure.

Nyuzi: kwenye baridi hukakamaa na kupunguza nguvu. Shusha mkazo wa nyuzi ratili 2 (mafundi husema paundi) kwa ukumbi wenye joto, hadi 4 kwa puto lenye ubaridi. Anayefunga 52 nyumbani aende na raketi moja ya 50, moja ya 48, na ya tatu ibaki 52 kwa sababu ukumbi unaweza kuwa na joto kuliko ulivyoambiwa. Polista tupu, zile nyuzi ngumu, kwenye baridi huumiza kiwiko cha mtoto. Weka polista wima na nyuzi laini za nyuzinyuzi nyingi mlalo. Seti moja ni mita 12 hivi. Beba seti 4. Raketi zisilale kwenye gari wala roshani. Zikitoka kwenye barafu na kuingia joto, maji hujikusanya juu ya nyuzi. Zifungue begini dakika 20 kabla ya kupiga.

Viatu: soma karatasi ya taarifa uone sakafu. Ikiwa akriliki ngumu, viatu vyake vya Malindi vinafaa, mradi sole isiache alama nyeusi. Ikiwa ni zulia, kumbi nyingi hutaka sole laini isiyo na mistari, kwa sababu sole ya mistari hunata kwenye zulia, mguu unasimama huku mwili unaendelea, na kifundo ndicho kinacholipa. Viatu vya mechi visikanyage nje hata hatua kumi. Njia za Helsinki humwagiwa changarawe ndogo ili watu wasiteleze. Changarawe hizo hujikita kwenye sole na kuchana sakafu, na mwamuzi ana haki ya kukutoa.

HATUA YA 6: MLANGO

Mpangilio wa mechi ukiandika 10:00, mwambie mtoto "saa nne asubuhi", usimwambie "saa kumi". Kosa hili limo midomoni mwetu, na kwa kawaida dakika 15 baada ya kuitwa mchezaji amepoteza. Saa ya Helsinki wakati wa baridi iko nyuma yetu kwa saa moja tu, hivyo usingizi hausumbui. Kinachosumbua ni giza. Saa mbili asubuhi bado usiku. Mwamshe mechi ikiwa imebakiza muda wa saa tatu, washa taa zote, ale.

Kupasha mwili hufanyika ndani, dakika 15 hadi 20, kamba na mbio fupi, kabla ya kuitwa. Zile dakika 5 za uwanjani ni za kupasha mikono tu. Asipofanya hivyo gemu tatu za kwanza zinaenda. Maji yapangwe kwa saa, siyo kwa kiu: baridi huua kiu, hita hukausha. Mililita 150 hadi 200 kila wanapobadilisha upande mara mbili.

Mechi ikiisha, utaratibu ni huu na haubadiliki hata kama amelia: dakika 10 za kutembea na kunyoosha ndani, nguo zote za jasho zivuliwe pamoja na soksi, nywele zikaushwe, kofia, tabaka tatu, kisha mlango. Kutoka na fulana iliyoloa kwenye digrii kumi chini ya sifuri kwa dakika tano za kungoja basi kunatosha kumfanya atetemeke usiku kucha, na Jumatatu misuli imekaza kama mti.

Theluji ya kwanza ataishika kwa mikono mitupu, hilo halizuiliki. Basi ashike baada ya mechi. Na sauna ya hoteli, ambayo Finland iko kila mahali, isiguswe usiku wa kuamkia mechi, kwa maana hutoa maji mwilini.

HATUA YA 7: DAWA NA HOMA

Hili litiliwe wino mwekundu. Mtoto akipata homa Ulaya, au hata wiki kadhaa baada ya kutoka Pwani, mwambie daktari sentensi ya kwanza: "Tumetoka eneo la malaria." Kule homa ya Januari ni mafua machoni pa kila mtu, na hakuna atakayekumbuka kupima damu. Namba ya dharura ni 112.

Dawa za mafua za dukani zina mtego mwingine. Nyingi za kufungua pua zina sudoefedrini, iliyozuiwa wakati wa mashindano inapopita kiwango kwenye mkojo. Vidonge vya predinisoloni navyo vimezuiwa wakati huo. Parasetamoli na maji ya chumvi ya pua havina tatizo.

Pesa, kwa ufupi: M-Pesa haikusaidii dukani kule, hoteli hutaka kadi halisi ya benki kwa dhamana, na plagi ni ya pini mbili za duara. Ngazi ya J30 usitegemee malazi ya bure.

MASWALI YA WANACHAMA

Mama wa Shella, Malindi: Shikamoo mwalimu. Binti yangu huvaa hijabu na taiti ndefu chini ya sketi. Watamruhusu, na je, hijabu haitampa joto ukumbini?

Jibu: Marahaba, mama. Taiti ni kawaida kwenye tenisi. Kwa hijabu ya michezo, muulize refa mkuu kwa barua pepe kabla, mwambie rangi na kwamba haina pini, kisha beba jibu lake limechapishwa. Joto atalisikia baada ya nusu saa, kwa hiyo achukue tatu za kitambaa chepesi na abadilishe baada ya kila seti. Mapumziko ya seti ni sekunde 120, aizoeze kubadilisha nyumbani. Nje, kofia ya sufi ivaliwe juu ya hijabu kavu.

Baba wa Langoni, Lamu: Sisi tunaanzia Manda. Twende Malindi kwanza ama moja kwa moja?

Jibu: Moja kwa moja Nairobi kutoka Manda, kaka. Kwenda Malindi kwa barabara kupitia Garsen ni kujiongezea siku. Angalizo ni mashua: mabegi yafungwe ndani kwa karatasi ya nailoni, hasa nyuzi na raketi, maana rasharasha la maji ya chumvi huozesha nyuzi na huingia kwenye vishikio. Na angalia ndege inatua Wilson au JKIA kabla hujalipa.

Kocha, Watamu: Mwalimu, mchezaji wangu anafunga polista 54 na hataki kusikia habari ya kushusha. Anasema mpira utamtoroka.

Jibu: Kwa joto la Watamu yuko sahihi, ndiyo maana hasikii. Usibishane naye. Mfungie raketi moja 50, mpe mipira ya kasha la barafu, apige mipira 20 kwa kila raketi, kisha hesabu ingapi imepita mstari wa sevu kwa zaidi ya mita tatu. Mipira mifupi itamwambia yenyewe.

Mlezi wa Muyeye: Mtoto ana pumu nyepesi. Baridi haitamzidi? Na pampu yake si dawa iliyozuiwa?

Jibu: Hewa baridi na kavu hubana njia za hewa, na kwake itaonekana zaidi nje kuliko ndani. Afunge skafu mdomoni anapotembea, na apashe mwili taratibu, siyo mbio za ghafla. Salbutamoli ya pampu inaruhusiwa mradi isizidi mikrogramu 1,600 kwa saa 24, wala 600 ndani ya saa 8. Pampu nyingi hutoa 100 kwa kila mvuto, yaani mivuto 6 ndani ya saa 8. Akihitaji zaidi ya hapo ni mgonjwa, si wa kucheza. Nebulaiza na vidonge ni habari nyingine. Daktari azungumze na watu wa ADAK, wakala wa Kenya wa kuzuia dawa zilizokatazwa michezoni, kabla ya safari. Beba pampu mbili, moja ikae mfuko wa ndani wa koti, kwa sababu pampu ikipoa sana hutoa dawa pungufu.

Mama wa Barani: Mimi nalea peke yangu, baba hapatikani. Fomu inataka sahihi mbili.

Jibu: Pole dada, na usiache nafasi tupu wala usimsainie. Kama una amri ya mahakama ya malezi, weka nakala iliyothibitishwa. Kama baba amefariki, cheti cha kifo. Kama hayumo kwenye cheti cha kuzaliwa, cheti chenyewe ni ushahidi, lakini ongeza kiapo. Kama yumo na hajulikani aliko, anza mapema kwa wakili, maana hilo haliishi kwa wiki moja. Idhini hiyohiyo uibebe safarini. Uhamiaji wa uwanja wa ndege huiuliza pale mtoto anaposafiri na kocha.

Mchezaji, miaka 15, Malindi: Mwalimu, naweza kukimbia nje asubuhi kama ninavyokimbia ufukweni?

Jibu: Hapana, mwanangu. Si baridi inayonipa hofu, ni barafu nyembamba isiyoonekana juu ya lami. Ukanyage bapa, hatua fupi, mikono nje ya mifuko. Mbio zako fanya kwenye ngazi za hoteli au ukumbini.

Ustadhi, Lamu: Je, vipindi vya swala vikiwa vimebanana namna hiyo, na mechi iko katikati? Na Ramadhani ikiangukia huko?

Jibu: Ustadhi, hukumu tunakuachia wewe, sisi tunatoa saa. Katikati ya Januari Adhuhuri huingia saa sita na nusu hivi na Magharibi kabla ya saa kumi, kwa hiyo mechi ya saa saba inaweza kuvila vipindi viwili. Wasafiri wengi hukusanya Adhuhuri na Alasiri kabla ya mechi. Kwa wanaokaa zaidi ya siku nne, watoto waulize kabla hawajaondoka. Ramadhani husogea nyuma siku kama 11 kila mwaka, na 2028 itaangukia mwisho wa Januari. Mchana wa saumu kule utakuwa takriban saa kumi, mfupi kuliko wetu. Ugumu ni maji, siyo chakula.

Baba wa Maweni: Akishindwa raundi ya kwanza nimepoteza pesa yote?

Jibu: Aingie wawili wawili pia, hapo atabaki hadi Jumanne au Jumatano. Kisha angalia kama kuna mashindano mengine wiki inayofuata katika nchi ileile au ng'ambo ya bahari, Tallinn iko saa mbili kwa meli. Tiketi moja, wiki mbili. Ila viza iombwe yenye siku za kutosha wiki zote mbili, na hesabu ya hoteli iwepo kwenye faili tangu mwanzo. Nunua tiketi ya kurudi inayobadilishika. Tofauti ya bei ni ndogo kuliko tiketi mpya.

Mama wa Shella: Ahsante mwalimu. La mwisho: akirudi aanze mazoezi lini?

Jibu: Siku mbili alale. Mwili wake umeanza kusahau joto, kwa hiyo siku nne tano za mwanzo apige jioni baada ya saa kumi na moja, maji zaidi ya kawaida, na saa moja tu. Zile nyuzi za 48 zikateni siku ya kwanza. Kwa joto la kaskazi mpira utavuka ua wa hoteli.